Zamu ya Mzee Cyril

Kadi ilikuja Novemba, na ndani yake mlikuwa na swali moja tu: Je, nyumba yenu itatupokea? Chini waliacha nafasi ya kutia sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaichana vipande vinne, nikaitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya viazi. Kisha nikaenda chumbani kwa Baba nikamwambia kwamba bendi imeandika, na mimi nimejibu ndiyo.

Sijitetei. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Baba yangu, Cyril Jantjies, alipuliza saksafoni kwenye bendi ya Krismasi ya Alfajiri Mpya kwa miaka arobaini na mmoja. Hapa kwetu Cape Town hakuna asiyezipenda bendi hizo. Hazina kiingilio wala tiketi. Zinapita mtaani na magitaa na matarumbeta yao, watu wanatoa viti barabarani, wanakula muziki bure tangu mkesha hadi Krismasi yenyewe jioni. Bure kwao. Nyumbani kwetu Athlone, Krismasi ilikuwa Mama kwenye kiti chake cha mikono ya mbao, karibu na dirisha, akitazama geti, na Baba yuko sebuleni kwa watu wengine akila keki zao. Mwaka niliokuwa na miaka minane, mimba ya Mama ilitoka siku moja kabla ya sikukuu. Asubuhi Baba alimbusu kwenye paji la uso, akavaa koti lake la buluu, akaenda zake. Alirudi siku ya pili yake, na Mama hakumuuliza kitu.

Mama alishafariki. Mimi ndiye niliyebaki kuuliza, na sikuwahi kuuliza.

Sasa sheria ya Alfajiri Mpya ni hii: bendi haiingii nyumbani kwa mpigaji wake hata siku moja, mpaka astaafu. Akishaweka chombo chini, Krismasi inayofuata ni zamu yake. Wataingia kwake wote, waimbe, waombe, wale mezani kwake, naye akae kitini kama mfalme. Baba alistaafu mwaka juzi. Krismasi iliyofuata ilimkuta hospitalini. Hii ninayoisimulia ilimkuta kwangu, Rocklands, mapafu yamekwisha, mwili umebaki mifupa na maneno. Muuguzi aliyekuwa akija kumwona alinivuta hadi getini akasema, "Anti Lavona, mimi sidhani kama mzee ataiona Januari."

Na Baba akawa anaingoja bendi. Sijawahi kuona mtu akingoja vile. Kila asubuhi aliniambia nimkalishe kwenye kile kiti cha Mama, ambacho tulikuja nacho kutoka Athlone, nimgeuzie dirishani. Alinipigisha pasi koti la buluu mara tatu. Aliniuliza kama tangawizi ya kunywa nimeshailoweka, kama kitambaa cheupe cha meza kipo, kama nimenunua zabibu kavu. Mimi kila swali nikajibu ndiyo, Baba. Uongo mmoja ukazaa mwingine, mpaka nikajikuta nachemsha mayai arobaini ya wageni niliowakataa mwenyewe.

Siku ya mkesha nilimeza kiburi nikampigia simu kapteni wa bendi, Ivan Fortuin. Haikupatikana. Nikakumbuka tabia yao, ambayo Mama aliilaani miaka yote: wakishatoka, simu zote zinafungiwa ndani ya kasha tupu la banjo, hazitoki mpaka nyumba ya mwisho. Nikampigia mkewe, Beryl. Yeye naye hakupokea, na ninajua kwa nini. Novemba alinipigia mara mbili, nikaitazama simu ikilia.

Ikafika Krismasi. Saa mbili asubuhi Baba ameshanyolewa, amevaa koti, amekaa. Saa nne akaacha kuzungumza ili atunze pumzi. Saa sita midomo yake ikaanza kuwa na rangi nisiyoipenda. Kila bendi iliposikika kwa mbali aliinua kidole kimoja kutoka kwenye mkono wa kiti, akasikiliza, akakishusha.

"Si wao," alisema.

Jirani yangu Anti Gadija akaingia kwa mlango wa nyuma na sinia la sambusa. Anti Gadija ni Mwislamu na ni hajjati, lakini hajawahi kukosa bendi ya Krismasi hata moja. Yeye husema muziki ukipita mlangoni kwako ni riziki. Aliitazama meza, akanitazama mimi.

"Hao watu wako wanakuja saa ngapi?"

Nikafunga mlango wa jikoni. Nikamwambia yote, kadi, ndoo ya taka, yote.

Aliliweka sinia mezani. "Lavona. Umemdanganya mtu anayekufa?"

"Ndiyo, Anti."

"Basi unasimama hapa unafanya nini? Vaa viatu. Mimi nitakaa naye."

Nilipopita sebuleni Baba aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kutafuta barafu.

"Siku ya Krismasi?"

"Barafu ya wageni, Baba."

Alinitazama muda mrefu kuliko barafu inavyostahili. "Haya. Usichelewe."

Nilitoka nikiwa nimesahau roli za nywele kichwani, zote sita, na viatu nilivyovaa ni vya ndani. Upepo wa kusini mashariki ulikuwa unavuma ule wa kubeba mchanga, na upepo ule ni mwongo kuliko mimi. Unachukua sauti ya tarumbeta kutoka Westridge unakuletea kana kwamba iko nyuma ya ukuta wako. Nilikimbilia upande mmoja, sauti ikahamia wa pili. Nilijua jambo moja tu, kwamba Alfajiri Mpya huanzia Athlone asubuhi na mchana huja huku kwetu Mitchells Plain kwa basi. Mitchells Plain kuna maelfu ya nyumba. Niliomba nikikimbia, na sala yangu ilikuwa fupi: asife kabla sijarudi.

Bendi ya kwanza niliyoikuta ilikuwa ya makoti ya rangi ya damu ya mzee. Mtaa mzima ulikuwa nje, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na makreti ya soda, mama mmoja mnene anacheza na kijiko cha kupakulia mkononi, vizee viwili vinaimba sauti ya pili na macho yamefungwa. Muziki mtamu, sitakataa. Ulikuwa mtamu na mimi nilitaka kulia, kwa sababu haukuwa wenyewe.

"Anti, taratibu," kijana mmoja akanipigia kelele kutoka ukutani. "Bendi haidai, ni ya bure."

"Mwache," mwenzake akasema. "Labda kuna mume wake mle ndani."

Watu wakacheka. Nikauliza kama kuna aliyeona makoti ya buluu. Mmoja akasema Portlands, mwingine Lentegeur, mzee mmoja akasema kaka yake alizikwa na koti kama hilo. Nikaenda Portlands. Huko nikakuta makoti ya kijani. Nikaulizia tena. Nimesimama katikati ya barabara, roli moja imeanguka, mguu wa kushoto umechubuka, nikaona ninavyoonekana: mwanamke mtu mzima anayeikimbiza bendi aliyoifukuza mwenyewe.

Saa nane na nusu ilipita. Nilianza kuhesabu pumzi za Baba kichwani, kana kwamba nikiacha kuhesabu naye ataacha kuvuta. Ndipo nikaona kwenye geti moja utepe wa buluu. Umefungwa upande wa kulia, umekazwa, ncha zake zinapigapiga kwa upepo. Nyumba ya pili haikuwa nao. Ya tatu ilikuwa nao. Bibi mmoja alikuwa amekaa nyuma ya geti la tatu, amevaa kofia ya kanisani, mkoba mapajani kama anayesafiri.

"Shikamoo, Anti. Utepe huu ni wa nini?"

"Marahaba. Wa Alfajiri Mpya, mwanangu. Ukijibu kadi yao, Beryl anakutumia utepe, unaufunga getini wiki moja kabla. Ndipo wanajua mlango. Ndipo na wewe unajua kwamba wanakuja." Alizitazama roli zangu. "Kwani hujawahi kuwapokea?"

Nilishika geti lake. Kwetu Athlone hapakuwahi kuwa na utepe, kwa sababu nyumba ya mpigaji haiingiwi. Mimi ningeujulia wapi? Lakini Baba alikuwa ameongoza bendi ile. Tepe zile alizifuata nyumba kwa nyumba kwa miaka arobaini na mmoja. Wiki nzima amekaa dirishani, na mimi nikadhani anatazama barabara. Alikuwa anatazama geti langu tupu. Alijua. Kila nilipomwambia ndiyo, Baba, wanakuja, alikuwa anajua, na bado aliniambia nilipige koti pasi.

Yule bibi aliniuliza kama nataka maji. Nilitikisa kichwa nikaendelea na njia.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanatoka nyumba iliyo kwenye kona, kwa mstari, makoti ya buluu, kofia nyeupe, magitaa mbele, saksafoni nyuma. Niliingia katikati ya mstari kama kuku aliyepotea. Ivan Fortuin alikuwa mbele na fimbo yake. Ivan ni rika langu. Saksafoni alifundishwa na Baba, kwenye ukumbi wetu wa nyuma, siku ambazo mimi nilitaka Baba anifundishe baiskeli.

"Lavona? Mzee amefariki?"

"Bado. Ivan, nakuomba. Njooni sasa. Hafiki jioni."

Mstari wote ulisimama. Muziki ulikatika, na waliokuwa wanausindikiza barabarani nao wakanyamaza, wananitazama.

"Kadi yako haikurudi," Ivan akasema polepole. "Beryl alikupigia."

"Niliichana."

"Mm."

"Nitukane baadaye. Nitakaa chini unitukane mpaka Pasaka. Njooni kwanza."

Ivan alivua kofia akajifuta jasho. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Tumebakiwa na nyumba nane. Meza nane, Lavona. Hatuwezi kumpita aliyefunga utepe, unajua hilo."

"Sijui. Sijui sheria zenu hata moja. Najua ana pumzi za kuhesabu."

"Tazama pale." Alinyoosha fimbo. Nyumba ya nne kutoka pale tulipokuwa, mzee mmoja alikuwa nje ya geti lake juani, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, shati limefungwa vifungo hadi kooni. "Anko Teddy Arendse. Alipiga banjo na baba yako. Figo. Ametolewa hospitali kwa siku mbili kwa ajili ya hii tu. Nenda wewe umwambie kwamba tunampita. Ukimwambia wewe, nakuja."

Nilimtazama Anko Teddy. Naye alikuwa anatutazama, amenyoosha shingo, anashangaa kwa nini muziki umekatika. Nilipiga hatua mbili kumwelekea, na Mungu anajua nilikusudia. Kisha akapunga mkono. Alidhani mimi ni mmoja wa watu wa bendi.

Niliketi juu ya ukingo wa barabara nikalia mbele za watu, bila hata kujifunika uso.

Ivan alifungua utepe uliokuwa kwenye fimbo yake, akauweka mapajani mwangu. "Kwako ni nyumba ya mwisho. Saa kumi na mbili, labda na kidogo. Kaufunge kulia. Na umwambie Mzee Cyril ajiandae kujibu. Tukifika mlangoni tunauliza mara tatu tu, nyumba isipojibu tunaondoka, hata kama meza imewekwa. Sheria hiyo si mimi niliyeitunga. Ni yeye mwenyewe."

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka kufunga utepe, kisha kuinua macho nikamwona Baba kwenye kioo cha dirisha. Kidole chake kimeinuka.

Anti Gadija alikuwa ameketi chini karibu naye, tasbihi mkononi. Alinitikisia kichwa: yupo, lakini kwa shida. Pumzi ya Baba sasa ilikuwa na sauti ya mlango wenye kutu. Nilipiga magoti mbele ya kiti.

"Barafu umeipata?" akauliza.

"Baba, nilichana kadi."

"Najua. Niliiona ndoo." Akangoja pumzi. "Ulifunika na maganda ya viazi. Hukufunika vizuri."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nyumba ni yako." Akangoja tena, muda mrefu, mpaka Anti Gadija akasimama. "Nilisema moyoni, labda atabadili. Nikakaa nikatazama geti. Jumatatu. Jumanne. Geti halina kitu. Sijawahi kungoja mtu, Lavona. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nangojwa. Kumbe kungoja ni kazi."

Nilimnyooshea kola ya koti.

"Mama yako," akasema, "alikuwa ananingoja akiwa amekaa wapi?"

Nilitaka kumficha. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimeuzoea mwezi mzima. Lakini aliniuliza akinitazama.

"Hapo hapo, Baba. Kwenye kiti hicho hicho."

Aliishika ile mikono ya mbao kwa viganja vyote viwili. Imelika pale mbele, nyuzi za mbao zimelainika kwa mkono wa mtu, na mtu huyo hakuwa yeye. Machozi yalimtoka yakashuka kwenye kola ya koti, na hakuwa na pumzi ya kulia, kwa hiyo yalishuka tu. Nilimfuta kwa aproni. Nilikuwa na hasira bado, na nilimpenda.

Baada ya hapo hakusema tena. Saa kumi na moja macho yakafumba. Saa kumi na mbili jua bado kali, na utepe bado unapigapiga getini, na hakuna mtu. Kumi na mbili na robo. Nilimwekea mkono kifuani nikawa naushikilia pale. Mara kinapanda, mara sijui. Anti Gadija alifungua madirisha yote ili sauti ikija isikose pa kuingilia.

Walikuja saa kumi na mbili na dakika arobaini, hatua zao kwanza, kisha ukimya. Majirani wote walikuwa wametoka na viti vyao. Niliona kofia nyeupe zikijipanga kutoka getini hadi mlangoni, na Ivan amesimama kizingitini, fimbo wima, hatazami ndani, kama desturi yao inavyotaka.

"Je, nyumba hii inatupokea?"

Nilimtazama Baba. Macho yamefumba. Mdomo umefumba.

"Baba," nikamnong'oneza. "Wamefika. Wajibu."

Hakujibu. Nilitafuta pumzi kwenye kifua chake, nikahisi mapigo, nisijue kama ni yake au ya mkono wangu. Anti Gadija aliziba mdomo.

"Je, nyumba hii inatupokea?"

Sauti ya Ivan ilipasuka kidogo mara hii ya pili. Nje hakuna aliyekohoa. Nilimtikisa Baba bega. Niliwaza: amekufa kwenye kiti cha Mama, na hawa watageuka waondoke, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Niliwaza juu ya kadi. Swali ni lile lile, sikuwa nimeliona. Hawakumwuliza yeye. Bahasha ilikuwa na jina langu.

"Kwa mara ya mwisho. Je, nyumba hii inatupokea?"

"Inawapokea," nikasema. Sauti haikutoka, nikarudia. "Inawapokea. Ingieni. Tafadhali ingieni."

Ndipo Baba akafumbua jicho moja.

"Mara ya tatu," akasema, kwa sauti ambayo mimi peke yangu niliisikia. "Ubishi huo umeurithi kwa Minnie."

Minnie ndiye Mama. Wakaingia wote, ishirini na sita, wakajibana ukutani na kwenye meza na hadi jikoni, na mwenye tarumbeta akawa amesimama juu ya ndoo ya taka iliyofunikwa kwa sababu hapakuwa na pengine. Walipoanza, vioo vya kabati vilitetemeka. Sikuwa nimewahi kuusikia muziki ule nikiwa ndani ya chumba nao. Baba hakuwatazama wao. Alinishika mkono akaukandamiza kwenye mkono wa kile kiti, pale palipolika, na hakuuachia nyimbo zote tatu.

Alifariki Jumapili asubuhi. Utepe bado upo getini, umechujuka, na Anti Gadija ananiambia niufungue kwa sababu ni Machi. Namwambia kesho.